Shafti ya Boti ya Pedeli: Kabla Hatujanunua Vyuma, Tupige Hesabu

Ukimuuliza mwanachuo yeyote kitu gani ndicho muhimu kwenye boti inayoendeshwa kwa miguu, wengi watakwambia propela. Wachache watasema umbo la boti lenyewe. Sijasikia mtu akitaja shafti. Yaani ile fimbo inayotoka kwenye pedeli mpaka kwenye propela tunaichukulia kama waya tu wa kuunganisha huku na kule, kitu ambacho fundi atatafuta chuma chochote akichomelee, basi.

Naandika makala hii kwa sababu ya mjadala ambao umekuwa ukizunguka pale kantini tangu klabu ya sayansi itangaze kwamba inajenga boti ya pedeli. Michango imeshakusanywa, na hela hiyo imetoka kwenye mifuko ya wanafunzi ambao wengine wao hula mlo mmoja siku boom ikichelewa. Bado kidogo tu vyuma vinunuliwe. Mimi si wa uhandisi. Nasoma ualimu, masomo yangu ni fizikia na hisabati. Lakini hesabu za shafti ni zilezile tutakazokwenda kuwafundisha watoto, na kwa maoni yangu inafaa kila aliyechanga azielewe kabla hela haijatoka. Shafti ya boti ikikatika hakuna kushuka na kukokota kama baiskeli. Unabaki juu ya maji, na upepo ndio unaamua unakwenda wapi.

Jambo la zamani kuliko injini

Kuna anayedhani propela ni mtoto wa injini. Kumbe binadamu alianza kuizungusha kwa mwili wake mwenyewe. Mwaka 1776, katika vita vya uhuru vya Marekani, kijichombo cha kuzama majini kilichoitwa Turtle, kilichobuniwa na David Bushnell, kiliingia bandari ya New York kikiwa na mtu mmoja ndani. Mtu huyo alizungusha skrubu kwa nguvu zake ili kusogea. Mwaka 1864 nyambizi H. L. Hunley ilikuwa na wanaume saba waliokaa wamejipanga wakizungusha shafti moja ndefu yenye mikono kwa mikono yao, na wa nane akiongoza. Ilizamisha meli ya kivita, Housatonic, na yenyewe haikurudi. Ilinyanyuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 2000, na shafti ile ya mikono ilikutwa ingali ndani.

Baada ya hapo injini ikachukua kazi, na propela ya miguu ikasahaulika mpaka wapenda baiskeli walipoirudia. Mwaka 1991 boti ya wanafunzi na wahandisi wa chuo cha MIT, iitwayo Decavitator, iliendeshwa na Mark Drela kwa kasi ya noti 18.5, sawa na kilomita 34 hivi kwa saa. Yule aliitumia propela ya hewani, si ya majini, kwa hiyo si mfano wetu kamili. Wanaotuhusu zaidi ni wengine wawili. Jason Lewis na mwenzake Stevie Smith walivuka Bahari ya Atlantiki kwa boti ya pedeli iitwayo Moksha, safari iliyoanza mwaka 1994 na kumalizika 1995. Naye Greg Kolodziejzyk wa Kanada, mwaka 2008, alikanyaga pedeli saa 24 katika ziwa moja la Montana, Marekani, akaenda kilomita 245. Hao hawakuwa na injini ya akiba. Chochote kilichotoka kwenye miguu yao kilipita kwenye shafti.

Una nguvu kiasi gani?

Tuanze na mtu. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida, ambaye si mwanamichezo, anaweza kukanyaga pedeli kwa muda mrefu akitoa takriban wati 100. Mwendesha baiskeli aliyefanya mazoezi hasa anafika 250 na zaidi kwa saa nzima. Boti yetu itaendeshwa na watu wa kantini, kwa hiyo tuchukue 100. Hiyo ni nguvu ya balbu moja ya zamani, si zaidi. Ndiyo maana hatuwezi kuimwaga ovyo njiani.

Miguu inapenda kuzunguka kati ya mara 60 na 90 kwa dakika. Propela ya boti ya namna hii, yenye mapanga mawili membamba na upana wa sentimita 30 hadi 40, inafanya kazi vizuri ikizunguka kama mara 300 kwa dakika. Basi tunahitaji gia ya kuongeza kasi mara tano kwa anayekanyaga taratibu. Unaipata kwa hatua mbili. Spoketi ya meno 40 mbele na meno 16 nyuma inakupa mara 2.5, halafu giaboksi ya pembe yenye uwiano wa moja kwa mbili inakamilisha tano.

Hapa ndipo kuna jambo la kwanza la kufurahisha. Nguvu ya kusokota, ambayo nitaiita msokoto, inapungua kadiri kasi inavyopanda. Wati 100 kwenye pedeli kwa mizunguko 60 ni msokoto wa nyutoni-mita 16. Wati hizohizo kwenye shafti inayozunguka mara 300 ni nyutoni-mita 3.2 tu. Kwa hiyo ukiweka gia ya kuongeza kasi juu, karibu na pedeli, shafti ndefu inayoshuka majini inabeba mzigo mdogo na inaweza kuwa nyembamba. Ukiiweka chini, karibu na propela, shafti hiyohiyo inabeba mara tano zaidi. Kwenye karatasi boti hizo mbili zina nguvu sawa. Kwenye maji, moja ina shafti ya kilo moja na nyingine ina nondo.

Usipime kwa siku nzuri

Sasa, kosa ambalo mtu anaweza kulifanya kirahisi ni kuchagua chuma kwa ile 3.2. Hiyo ni siku nzuri, maji yametulia, mtu anakanyaga kwa starehe. Shafti haikatiki siku nzuri. Inakatika pale propela imenasa kwenye magugu au kamba ya nyavu, na mwendeshaji, kwa hasira au kwa hofu, anasimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote.

Hebu tupige hiyo. Mtu wa kilo 70, mkono wa krenki wenye urefu wa sentimita 17. Uzito wake ni nyutoni 686, zidisha kwa 0.17, unapata karibu 117. Gawanya kwa tano kwa sababu ya gia, shafti inapokea nyutoni-mita 23. Ni zaidi ya mara saba ya siku nzuri. Hiyo 23 ndiyo namba ya kupeleka dukani.

Mkazo unaotokea kwenye ngozi ya shafti ya duara iliyojaa unapatikana kwa kuzidisha msokoto mara 16, kisha kugawanya kwa pai mara kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu. Hapo kwenye "mara tatu" ndipo kuna siri yote. Kwa msokoto wa 23, fimbo ya milimita 8 inapata mkazo wa megapaskali 229. Ya milimita 10 inapata 117. Ya milimita 12 inapata 68. Chuma cha kawaida cha dukani huanza kulegea kwa msokoto kikifika takriban 140. Maana yake ni kwamba ya milimita 8 itajisokota kama kamba na haitarudi, ya 10 itapona ila haina nafasi kubwa, na ya 12 iko salama. Kutoka 8 kwenda 12 umeongeza milimita nne tu, na mkazo umeshuka zaidi ya mara tatu.

Kuna hila nyingine ambayo mafundi wa propela shafti za magari wanaijua siku nyingi. Chuma cha katikati ya shafti hakifanyi kazi kubwa, kazi iko pembeni. Chukua bomba lenye kipenyo cha nje milimita 20 na unene wa ukuta milimita 2. Ukilipima, mita moja ina uzito wa gramu 888 hivi, sawasawa kabisa na mita moja ya fimbo iliyojaa ya milimita 12. Chuma ni kilekile kwa kilo. Lakini mkazo kwa msokoto wa 23 unashuka kutoka 68 hadi 25. Umepata nguvu karibu mara tatu bila kuongeza gramu. Tatizo lake ni kwamba bomba nene likiwa ndani ya maji linaburuta boti, kwa hiyo busara ni bomba kwa sehemu iliyo ndani ya boti na fimbo iliyojaa kwa sehemu iliyo majini.

Njia ya kufika chini

Pedeli ziko juu, propela iko chini na nyuma. Mzunguko wa pedeli unaelekea mbele kama wa gurudumu, mzunguko wa propela unatazama pembeni ya huo kwa nyuzi 90. Kwa hiyo mahali fulani lazima ugeuze kona. Kuna njia kuu nne, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni shafti iliyonyooka inayoteremka kwa mteremko. Giaboksi ya pembe inakaa ndani karibu na pedeli, kisha fimbo moja inashuka nyuma kwa nyuzi 10 hadi 15 na kutoka chini ya boti. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Hasara yake ni kwamba propela haitazami mbele sawasawa, inatazama chini kidogo. Kila panga linapozunguka linakutana na maji kwa pembe tofauti likipanda na likishuka, na hapo unapoteza nguvu kiasi na kupata mtikisiko.

Ya pili ni gia mbili za pembe, moja juu na moja chini ndani ya kichwa cha chuma kinachozama, kama injini za boti tunazozijua. Propela inatazama mbele vizuri. Lakini kile kichwa kinahitaji kuzuia maji kwa oili sili nzuri, na kila pea ya gia inakula sehemu ya zile wati 100 zako chache.

Ya tatu ni cheni iliyosokotwa robo duara. Spoketi ya juu inatazama upande mmoja, ya chini imegeuzwa nyuzi 90, na cheni ndefu inajipinda katikati. Ukiiona mara ya kwanza unadhani fundi amekosea. Inafanya kazi, ila cheni iwe ndefu vya kutosha ili msokoto wake ugawanyike taratibu, la sivyo inaruka kwenye meno.

Ya nne ndiyo inayonivutia zaidi, nayo ni shafti iliyopinda. Rick Willoughby wa Australia, ambaye ndiye aliyechora umbo la boti ile ya Kolodziejzyk, anajulikana miongoni mwa wajenzi wa boti hizi kwa kutumia fimbo moja ya chuma cha springi. Fimbo hiyo inatoka kwenye giaboksi ikiwa imeinama, inapinda polepole kama upinde, na inapofika kwenye propela imelala sawa na maji. Hakuna jointi wala gia chini ya maji, na hakuna oili sili ya kuvuja. Fimbo inazunguka huku imepinda.

Kwa nini isivunjike? Wakati mwingine inavunjika, tena hapo ndipo somo lilipo. Fimbo iliyopinda inavutwa upande wa nje wa upinde na kukandamizwa upande wa ndani. Ikizunguka nusu duara, upande uliokuwa unavutwa sasa unakandamizwa. Kila mzunguko mmoja, kila nukta ya ngozi yake inavutwa na kukandamizwa mara moja. Kwa mizunguko 300 kwa dakika hiyo ni mara 18,000 kwa saa, na baada ya saa 56 za kukanyaga umefika milioni moja. Si mnajua ukitaka kukata waya bila koleo unaukunja huku na kule mpaka unakatika? Ndo hivyohivyo. Wahandisi wanaita uchovu wa chuma.

Mkazo wa kupinda unapatikana kwa kuzidisha ugumu wa chuma, ambao ni gigapaskali 200, na nusu kipenyo cha fimbo, kisha kugawanya kwa nusu kipenyo cha upinde. Fimbo ya milimita 8 kwenye upinde wa mita 2 inapata megapaskali 400. Chuma cha kawaida hulegea kwenye 250 hivi, kwa hiyo hata mzunguko wa kwanza hakiumalizi salama. Fimbo ya milimita 6 kwenye upinde mpana wa mita 3 inapata 200, nusu yake. Angalia kinachotokea hapa. Msokoto unataka fimbo nene. Kupinda kunataka fimbo nyembamba. Hakuna unene unaofurahisha pande zote mbili, na njia pekee ya kutoka ni kutafuta chuma bora zaidi, yaani chuma cha springi, na kuupanua upinde.

Hata hivyo wembamba una adabu zake. Fimbo ile ya milimita 6 yenye urefu wa mita 2, ukiikanyagia kawaida inajisokota nyuzi 36 kati ya ncha na ncha. Ukisimama kwenye pedeli propela ikiwa imenasa inajisokota nyuzi 262, karibu robo tatu ya mzunguko, na mkazo unafika megapaskali 540 kabla hujahesabu kule kupinda. Miguu inasikia kama inakanyaga mpira. Chuma cha springi kinavumilia na kurudi, ila nafasi iliyobaki ni ndogo. Kwa boti ya kwanza ya klabu, itakayoendeshwa na watu kumi tofauti wa uzito tofauti, mimi nisingeanzia hapo. Ningechagua ile ya kwanza, iliyonyooka na yenye mteremko. Tunapoteza nguvu kidogo, tunapata kitu ambacho fundi yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza upya.

Shafti inayoruka kamba

Kuna jambo ambalo msokoto peke yake hautakwambia, nalo ndilo linaloshangaza wengi. Fimbo ndefu iliyoshikwa kwenye ncha mbili tu ina kasi yake maalumu ambayo ikiifikia inaanza kutoka kwenye mstari na kuvimba katikati, kama ile kamba wanayoizungusha watoto wakiruka. Haijalishi kwamba ina nguvu ya kutosha kwa msokoto.

Nimeipiga hesabu hiyo kwa fimbo ya milimita 10, urefu wa mita 2, beringi moja kila ncha. Kasi yake ya kuruka kamba ni mizunguko 297 kwa dakika. Tulisema propela yetu inataka ngapi? 300. Yaani ukienda dukani ukanunua fimbo inayoonekana imetosha kabisa, ukaiweka kwenye boti, itaanza kupiga makelele palepale unapofika mwendo mzuri. Kwa fimbo ya milimita 12 namba ni 357, bado karibu mno kwa mtu akiamua kukimbiza.

Dawa yake ni rahisi na ya bei ndogo. Weka bushi moja katikati. Urefu ulio huru unakuwa mita 1 badala ya 2, na kwa kuwa kasi hiyo inategemea urefu uliozidishwa wenyewe, ukigawanya urefu kwa mbili kasi inapanda mara nne. Fimbo ya milimita 10 inatoka 297 hadi karibu 1,190, ambako miguu ya binadamu haifiki. Lile bomba la milimita 20 lenyewe, hata bila bushi ya katikati, linafika 760. Hiyo ni sababu ya pili ya kulipenda.

Asiyeamini aangalie mashine za kufyekea nyasi zinazotumika kwenye viwanja vyetu. Ndani ya lile bomba refu la aluminiamu kuna shafti nyembamba inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Haitikisiki kwa sababu imeshikwa na bushi kadhaa njia nzima. Mashine mbovu ya aina hiyo ni hazina kwa mjenzi wa boti. Ina bomba, shafti, bushi na giaboksi ndogo ya pembe, vyote vimeshapangwa na mtu aliyepiga hesabu. Kichwa cha grenda mbovu nacho kina gia za pembe nzuri za chuma kigumu, unazoweza kuzigeuza zifanye kazi kinyume.

Kuijenga yenyewe

Tuseme tumeamua: fimbo iliyonyooka, laini, milimita 12, mita 2, yenye bushi katikati. Usichukue nondo. Zile mbavu zake haziwezi kukaa kwenye beringi, na nondo huuzwa ikiwa imekunjwa. Kabla ya kulipa, iviringishe fimbo juu ya sakafu ya vigae au meza ya kioo. Iliyonyooka inaviringika kimya. Iliyopinda inarukaruka na unaona mwanga chini yake. Jaribio hilo halina gharama na muuza duka hana cha kubisha.

Ncha zikerezwe kwenye mashine, zisisuguliwe kwa grenda kwa macho. Na popote kipenyo kinapobadilika, kutoka kinene kwenda chembamba, mwombe fundi aache kona ya mviringo badala ya kona kali. Shafti nyingi hukatikia kwenye kona kali, kwa sababu mkazo unajikusanya pale. Kama ni chuma cha springi, usikichomelee kabisa. Joto la kuchomelea linaua ule ugumu kiliopewa kiwandani, na kitakatika pembeni ya ulipochomelea.

Propela ikizunguka haisokoti tu, inaisukuma shafti kwenda mbele. Kwa wati 100 na mwendo wa mita 2.5 kwa sekunde msukumo huo ni kama nyutoni 32, uzito wa kilo tatu na ushei, na wakati wa kuondoka ni mkubwa zaidi. Ndio unaoipeleka boti, kwa hiyo lazima kuwe na kitu kinachoupokea. Beringi ya kawaida imetengenezwa kubeba mzigo wa pembeni na haipendi kusukumwa kutoka mbele muda wote. Beringi za baiskeli za kikombe na koni, zile zenye golori na grisi, zinabeba pande zote mbili na zinapatikana kwa fundi baiskeli yeyote. Weka pea moja kwenye ncha ya ndani, ikaze kama unavyokaza kitovu cha gurudumu, basi.

Pale shafti inapotoka kwenye boti, ipitishe ndani ya bomba lililojaa grisi, na ncha ya juu ya bomba hilo iwe juu kuliko usawa wa maji. Hata oili sili ikifa, maji yatapanda ndani ya bomba mpaka usawa wake na kusimama. Hayamwagiki ndani.

Propela ifungwe kwa pini inayopita katikati ya shafti, na pini hiyo iwe dhaifu kwa makusudi. Pini ya shaba ya njano yenye milimita 4 kwenye shafti ya milimita 12 hukatika msokoto ukifika takriban nyutoni-mita 30. Hiyo ni juu ya ile 23 ya mtu kusimama kwenye pedeli, na chini ya 49 ambayo fimbo kamili ingeanza kulegea. Kwa hiyo propela ikigonga jiwe kwa kasi, kinachokufa ni pini ya bei ya karanga, nawe una nyingine tano mfukoni. Shimo la pini linaipunguzia shafti nguvu pale lilipo, ndiyo sababu nyingine ya kuchukua 12 badala ya 10.

Mwisho, ifunike. Shafti inayozunguka mara 300 kwa dakika inaonekana kama haiendi. Khanga, ushungi, kamba ya kiatu au nywele ndefu zikiigusa zinavutwa mara tano kila sekunde, na aliyeko kwenye pedeli hawezi kusimamisha papo hapo. Nusu bomba la plastiki juu yake, kutoka giaboksi mpaka inapotoka nje, linatosha.

Kwa nini mwalimu ajali

Wenzangu wa kitivo cha elimu wameniuliza haya yanatuhusu nini. Mimi naona yanatuhusu kuliko wengine. Mwakani tutasimama mbele ya watoto tuandike ubaoni kwamba mkazo unategemea kipenyo kilichozidishwa mara tatu, na watoto watanakili. Watafaulu swali na hawatajua kwamba wameandika sababu ya fimbo moja kujisokota na nyingine kupona. Pea ya fimbo za milimita 6 na 12, spana moja na mtu wa kuzisokota, vinafundisha jambo hilo kwa dakika tano, na hakuna maabara inayohitajika.

Kwa klabu, ombi langu ni moja. Kabla boti haijaguswa na maji, ifungwe juu ya meza, propela izuiwe isizunguke, na mzito kuliko wote kati yetu asimame juu ya pedeli ikiwa imelala usawa. Wekeni alama ya chaki kwenye ncha zote mbili za shafti na mpime imejisokota nyuzi ngapi, halafu ashuke muone kama alama zimerudi zilipokuwa. Zikirudi, twende majini karibu na ufukwe, kila mtu na jaketi lake la kuokolea, na makasia mawili ndani. Zisiporudi, tumepoteza fimbo moja na hatujapoteza mtu.